Fleti ya Benki, Posa ya Majirani

Baba Salma alipoleta karatasi za ile fleti ya Jackson Heights, New York, nilimwuliza jambo moja tu: aliyekuwa akikaa mle yuko wapi? Hakujua. Alichojua ni bei, na bei ilikuwa nzuri mno kwa mtaa wenye bustani katikati ya majengo na treni namba 7 hapo jirani. Mwenye fleti alishindwa na mkopo, benki ikainadi, wateja hawakufika bei, ikabaki mikononi mwa benki hiyohiyo.

Tuliitazama kwa tochi, maana umeme ulikuwa umekatwa. Makabati ya jikoni hayakuwa na milango. Friji, dalali alitusihi tusilifungue, nasi tukamtii. Mkataba ulisema unachukua kila kitu kama kilivyo, kwa hiyo friji likawa letu pamoja na siri zake.

Lakini friji lilikuwa jambo dogo. Katika majengo ya namna ile ya New York, hununui kuta. Jengo zima ni mali ya kampuni, na wakazi ndio wenye hisa. Unanunua hisa, unapewa mkataba wa kukaa, na kila mwezi unalipa ada ya kuendesha jengo. Ndiyo maana benki iliweza kuinadi bila kwenda mahakamani: hisa si ardhi. Ndiyo maana pia benki ikishakubali kukuuzia, bado huna mlango. Bodi ya wenye hisa hao lazima ikuridhie, na ikikukataa hailazimiki kusema kwa nini, mradi isiwe ubaguzi uliokatazwa na sheria. (Tulipomwuliza utauthibitishaje huo ubaguzi nawe hukupewa sababu, mwanasheria wetu alikohoa tu.) Mwaka 1985 bodi ya jengo la San Remo, kule Manhattan, ilimkataa mwimbaji Madonna, na hakukataliwa kwa ufukara.

Tulipompigia mama mkwe simu Tanga, alielewa kabla sijamaliza. "Kumbe mnaposa! Baba kashakubali, sasa mnawangoja mashangazi."

Mashangazi walitaka ritani za kodi, taarifa za benki, barua ya mwajiri, na barua za watu wanaotufahamu. Mzee mmoja wa jumuiya yetu aliandika kwamba anamjua Baba Salma tangu hajaota ndevu, na kwamba nyumba yetu haikauki wageni. Dalali aliisoma akashika kichwa. Ikaandikwa upya: hawa ni watu wakimya, wanalala mapema.

Usaili ulifanyika chumba cha chini, kando ya mashine za kufulia. Mhasibu mstaafu akaweka kidole kwenye taarifa yangu ya benki, penye fungu kubwa lililosimama peke yake kama yatima. Ilikuwa zamu yangu ya upatu. Nikaeleza: tunachanga kila mwezi, mmoja anapokea. Riba? Hakuna. Mkataba? Hakuna. Mtu akishapokea akatoroka?

"Atatorokea wapi? Mama yake tunamjua."

Mhasibu akaandika, akaandika. Baba Salma akataka kunisaidia, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Ndipo bibi mmoja wa Kikolombia, aliyekuwa hajasema neno, akauliza zamu tunapanga kwa kura au kwa shida. Kwa kura, nikamwambia, ila mwenye msiba hupishwa. Akaitikia kwa kichwa: kwao nako ni hivyohivyo. Akamgeukia mhasibu, wakabishana wao kwa wao, sisi tukaambiwa tunaweza kwenda.

Barua ya kukubaliwa ilikuja na kanuni za jengo. Asilimia 80 ya sakafu ifunikwe zulia, ili jirani wa chini asisikie nyayo. Mama mkwe kusikia hivyo, akamfungashia msafiri mikeka ya ukindu. Msimamizi wa jengo alipokuja kukagua, alisimama juu ya mkeka, akarukaruka kidogo, akaandikia bodi kuuliza kama unahesabika kuwa zulia. Bado wanalijadili. Baba Salma anataka tumrudie mwanasheria. Mimi nimesema sambusa zitangulie kwa yule bibi wa Kikolombia.