Rejeta Yenye Harufu ya Pilau

Gari likichemsha Tunduma, huhangaiki kutafuta fundi. Fundi anakuja na umati. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde ni ndefu, watu wana muda, na mvuke ukitoka kwenye boneti tangazo limetosha. Bodaboda anazima pikipiki, mbadilisha kwacha anasogea na noti zake mkononi, utingo anaruka kutoka kwenye lori. Boneti haijafunguliwa, tayari kuna majibu matatu ya uchunguzi.

Noah yangu ilikuwa imepanda mlima Senjele vizuri, ikapita Mlowo na Vwawa kimya, kumbe ilikuwa inatafuta hadhira. Ilipopoa, utingo mmoja akatangaza kwamba rejeta inavuja, akatoa pakiti ya bizari. Dawa hiyo, alisema, iliwahi kuwafikisha Lubumbashi. Sijatia neno, imeshamiminwa. Wiki nzima nilipita mitaani nanukia pilau, na majirani wakaanza kuniuliza shughuli ni lini.

Fundi wa gereji aliyefuata hakuamini viungo. Yeye aliamini kung'oa. Thamostati akaitupa: "Hiki ni kidude cha wenye baridi, bosi." Ilikuwa Julai, naye alikuwa amevaa koti zito na kofia ya sufu, maana asubuhi za Mbozi mwezi huo hazina mzaha. Feni akaiunga moja kwa moja na swichi, izunguke muda wote. Kisha akaniletea rejeta kubwa ya gari jingine, akaifunga kwa waya, akaita kazi hiyo "kuboresha".

Noah ikaacha kuchemsha. Ikaacha na kupata joto. Mshale ukalala chini, hita ikapuliza ubaridi, petroli ikaisha kama inamwagwa. Nikateremka nayo Kamsamba, kule bondeni kwenye joto. Wakati wa kupandisha, ikachemsha.

Mzee mmoja mwenye gereji Vwawa hakugusa kitu ila mfuniko wa rejeta. Akaugeuza, akanionyesha raba iliyokauka na kupasuka. Tunduma iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9 huyabana hadi yafike kama nyuzi 115 kabla ya kuchemka. Wangu haukubana chochote. Rejeta yangu ilikuwa sufuria.

Mfuniko mpya umewekwa, thamostati imerudi, feni inajizima yenyewe, na ndani kuna kulanti badala ya maji ya bomba yanayoleta kutu. Rejeta ya zamani ilisafishwa bizari, ikarudishwa. Ile kubwa bado inatafuta mnunuzi.

Nawe msomaji, kagua mfuniko kabla hujauziwa rejeta. Ila usiufungue gari likiwa la moto, hata umati ukushangilie vipi.