Jinsi ya Kumbatiza Mbawakawa wa Milimita Mbili

Piga magoti. Kazi hii haina mlango mwingine. Mbawakawa unayemtafuta hafiki hata milimita tatu, rangi yake ni ile ile ya mchanga uliolowa, na mbio zake ni za mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Jenasi yake ni Tachys, neno la Kigiriki lenye maana ya mwepesi, na aliyeiweka vitabuni mwaka 1821 ni Dejean, jenerali wa Napoleon. Inasimuliwa kwamba jenerali huyo alibandika kizibo ndani ya kofia yake ya vita ili achomeke humo wadudu aliowaokota njiani, na kwamba siku moja aliteremka farasini, adui yuko mbele, kwa sababu ameona mbawakawa juu ya ua. Wewe unaogopa kuchafua suruali?

Kabla ya magoti, lakini, karatasi. Tanzania kibali cha utafiti hutoka COSTECH, Kenya hutoka NACOSTI, na wasimamizi wa msitu nao wana taratibu zao. Zifuate zote. Mdudu aliyechukuliwa kwa mlango wa nyuma hubaki na doa hilo maisha yake yote ya makumbusho.

Sasa maji. Ujanja huu niliujifunzia Usambara Mashariki, chini ya Amani, kwenye fungu la mchanga la mto Zigi. Unachota kopo moja, unalimwaga taratibu juu ya ukingo, hatua moja kutoka mtoni, kisha unatulia. Hesabu mpaka kumi. Kwanza hutoka buibui wawili watatu. Halafu unaona punje za mchanga zinaanza kutembea: ndio hao. Wamedhani mto umefurika na wanapanda juu kutafuta pakavu. Hapo unao mrija wako wa kufyonzea, wenye kipande cha chandarua upande wa mdomoni ili usimmeze mgeni wako, na unawavuta mmoja mmoja. Mama mmoja aliyekuwa akifua alinitazama kwa muda, mwisho hakuvumilia.

"Mwanangu, umedondosha pete?"

"Hapana, mama. Natafuta wadudu."

"Wa dawa?"

"Wa kupewa majina."

Akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akaacha nguo zake, akaja na ndoo. Ndoo ni bora kuliko kopo. Mbawakawa wa kwanza wa awamu ile alimwona yeye, akanielekeza kwa kidole, mimi nilikuwa naangalia kwingine.

Si wote wanaokaa mtoni. Walio kwenye majani makavu ya msituni utawachekecha kwa chekeche, kisha utamimina takataka hizo kwenye tundishi kubwa lenye taa juu na chupa ya spiriti chini. Wanakimbia joto na ukavu, wanashuka, wanatumbukia. Wanaotembea usiku utawatega kwa kikombe cha plastiki kilichofukiwa, mdomo wake uwe sawasawa kabisa na ardhi. Ukichomoza kwa unene wa ukucha, mbawakawa ataukwepa aende zake. Weka na kapaa juu yake, vinginevyo mvua ya Usambara itakuachia mchuzi.

Halafu andika lebo. Papo hapo, kwa penseli au wino usioyeyuka kwenye spiriti, kabla hujala, kabla hujafika kambini. Hapa ndipo ninapomshika msomaji mkono na kumkazia macho: mbawakawa asiye na lebo ni takataka. Anaweza kuwa mzuri kama kito, miguu yote sita ipo, vipapasio vyote viwili vimenyooka, bado ni takataka. Nilikabidhiwa siku moja sanduku la mbawakawa waliopangwa mistari kama askari wa gwaride, wamechomwa pini kwa mkono wa fundi hasa, na chini ya kila mmoja kikaratasi kimoja: "Tanga". Tanga ipi? Mkoa huo unaanzia kwenye mikoko inayooshwa na bahari na kupanda hadi misitu yenye ukungu zaidi ya mita 2,000 juu. Mbawakawa wa milimani wengi wamepoteza mabawa ya kurukia. Aliyezaliwa Uluguru hana njia ya kwenda Usambara, na ndiyo maana kila mlima umejifinyangia wa kwake. Kwa wadudu kama hao mahali ni nusu ya spishi. Mkusanyaji wa sanduku lile alikuwa amekwisha kufariki, na hakuna wa kumwuliza. Nililirudisha lilikotoka.

Kwa hiyo andika nchi, mkoa, kijiji, jina la mto au msitu, nyuzi za latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, mbinu uliyotumia, na nani aliyemshika. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi, maana 4/5 kwa Mmarekani ni Aprili na kwetu ni Mei.

Nyumbani, hadubini. Familia ya Carabidae ina spishi 40,000 hivi zenye majina, kwa hiyo usianze kwa kuuliza "huyu ni nani?" Anza kwa kuuliza ni wa ukoo gani. Mgeuze chali: kama shina la mguu wa nyuma limelikata pingili la kwanza la tumbo vipande viwili, uko kwenye njia sahihi. Mgeuze tena. Tafuta nywele ndefu juu ya jicho, mbili kila upande; zimekaa pale pale kwa kila ndugu yake, kama chale za ukoo. Tazama kipapasio cha mdomoni, pingili la mwisho ni dogo kama ncha ya sindano. Tazama mguu wa mbele, ncha ya muundi wake imekatwa mshazari. Sasa fuata kijifereji kinachokwenda sambamba na mshono wa mabawa magumu ya juu: kikifika nyuma kinapinda na kurudi mbele kama ndoana. Ukiiona ndoana hiyo, karibu ukoo wa Tachys.

Umefika ukooni tu, hujafika kwa mtu. Wawili wanaweza kufanana nywele kwa nywele na wakawa spishi mbili, na atakayekwambia ukweli ni uume. Sisemi kwa mzaha. Mlainishe dume kwenye maji ya uvuguvugu, ingiza sindano nyembamba yenye ncha iliyopindwa kwa nyuma ya tumbo, ukivute chombo chenyewe polepole. Ni mrija wa kahawia uliopinda kama pembe ya mbuzi, na kwa mdudu huyu ni mdogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi hii. Upitishe kwenye spiriti kisha utumbukize kwenye tone la mafuta ya karafuu. Ndiyo, karafuu zile zile za Pemba. Mafuta yake yametumika siku nyingi katika kazi ya hadubini kwa sababu yanakifanya kitu kiwe angavu na kupitisha mwanga. Chumba kinanukia kama ghala la karafuu msimu wa mavuno, na mbele ya jicho lako ule mrija unaanza kuwa kioo. Ndani yake vinajitokeza vibamba vyeusi vilivyojikunja, kimoja kama jani, kingine kama kulabu. Umbo la vibamba hivyo ndilo litakaloamua. Vichore. Picha ni nzuri, lakini mkono unaochora hulilazimisha jicho kukiri lilichokiona.

Sasa una hakika ni mpya. Kaa chini, huna hakika bado. Pengine alibatizwa kabla babu yako hajazaliwa. Alluaud na Jeannel, Wafaransa, walizunguka Afrika Mashariki mwaka 1911 na 1912, wakapanda Kilimanjaro na mlima Kenya wakichambua kila jiwe. Mwaka 1957 Basilewsky na Leleup wa Ubelgiji wakapita kwenye milima ya Tanganyika, na Basilewsky alikuwa bingwa wa familia hii hii. Vielelezo vyao vingi vimelala kwenye makumbusho ya Paris na Tervuren. Sheria ya majina ya wanyama inahesabu tangu mwaka 1758, toleo la 10 la kitabu cha Linnaeus, na inasema jina la kwanza ndilo lenye haki. Ukimpa la pili, umewaongezea wenzako mzigo wa kulifuta. Andika barua, omba picha, omba kuazimwa, nenda ukipata nauli. Mwanafunzi wa Morogoro kulazimika kwenda Ulaya kumwona mdudu wa mlima anaouona dirishani kwake ni jambo la kuudhi, na ninasema wazi kwamba vielelezo hivyo vipigwe picha vyote na picha ziwekwe bure.

Akiwa mpya kweli, mpe jina. Mswahili hapa hahangaiki, maana tangu utotoni anajua kwamba kitabu ni kizuri na mti ni mzuri. Kilatini nacho kina upatanisho wake. Bembidion mwenye madoa manne ni quadrimaculatum. Angekuwa Tachys, sifa hiyo hiyo ingekuwa quadrimaculatus. Jina la mahali mara nyingi huishia na -ensis, kama sengi wa Udzungwa aliyeitwa udzungwensis mwaka 2008. Njia nyepesi ni kutumia nomino ya wenyeji, ambayo haibadiliki. Nyani wa Rungwe alipotangazwa mwaka 2005 aliitwa Lophocebus kipunji. Mwaka uliofuata akahamishiwa jenasi nyingine, Rungwecebus, na kipunji akabaki kipunji.

Majina ya watu yatumie kwa akili. Terry Erwin wa Marekani, aliyeipenda familia hii kuliko wengi wetu, mwaka 2002 alimwita mbawakawa mmoja wa Costa Rica Agra schwarzeneggeri, kwa sababu madume yake yana mapaja ya katikati yaliyotuna kama misuli ya mcheza filamu. Hilo linachekesha na linafundisha. Lakini mwaka 1937 Scheibel alimpa mbawakawa kipofu wa mapango ya Slovenia jina la Anophthalmus hitleri, na jina hilo lipo mpaka leo, maana jina halifutwi kwa sababu linachukiza. Watu wanaokusanya kumbukumbu za Wanazi wakaanza kumsaka mdudu asiye na kosa. Unapochagua jina, jiulize kama mtoto wa shule wa mwaka 2125 ataweza kulitamka bila aibu.

Lililobaki ni kuchapisha. Tangu mwaka 2000 ni lazima useme waziwazi kwamba spishi ni mpya na utaje kielelezo kinachobeba jina, kwa kawaida kimoja tu, holotaipu, pamoja na mahali kilipohifadhiwa. Eleza kwa maneno anavyotofautiana na ndugu zake, sio tu jinsi alivyo. Holotaipu iache kwenye makumbusho ya hapa, yenye mhifadhi na kabati lisiloingia mchwa. Walio mbali watumie vielelezo vya ziada.

Na kwenye lebo, pale pa jina la aliyemshika, muulize mama wa ndoo anaitwa nani, uliandike kabla ya lako. Ndiye aliyemwona kwanza.