Kaimati Alazwa Siku ya Posa

Washenga walikuwa wameanza kuvua viatu barazani Mama alipotokea uani, amempakata Kaimati. "Paka huyu hakojoi," akasema.

Ilikuwa siku ya posa ya dada, na nyumba yetu ya Tanga ilijaa harufu ya udi na pilau. Shangazi akasema paka amefunga choo, apewe mafuta ya nyonyo. Mama akakataa. Tangu alfajiri alimwona akichutama, akijikamua, akilia na kujilamba, na mchanga wake ukabaki mkavu. Akajitanda buibui, akamtia Kaimati katika tenga, akaita bajaji.

"Dada, unaacha posa kwa ajili ya paka?" Mjomba akafoka.

"Posa ina wazee wake. Huyu ana mimi."

Daktari wa mifugo alipombonyeza tumbo alikuta kibofu kigumu kama ndimu bichi. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba; chembechembe za madini zikishikana na ute huiziba kabisa. Hapo sumu inayopaswa kutoka hubaki kwenye damu, potasiamu hupanda, na moyo unaweza kusimama. Asipozibuliwa, hufa ndani ya siku chache. Kaimati akachomwa sindano ya usingizi, akawekewa mpira wa mkojo, akatundikiwa dripu.

Akalazwa. Wahudumu walipompelekea chakula aligeuza uso. Mama alipompa kwa kidole, akalamba. Daktari naye alimuuliza Mama kila jambo: paka alikunywa maji lini, hupenda kulala wapi, kilio hiki ni cha njaa au cha maumivu. Hali ya damu na figo ilijulikana kwa vipimo. Tabia za Kaimati alizijua Mama, na tiba ilihitaji vyote viwili.

Kaimati alirudi nyumbani na kola ya plastiki shingoni, akigonga masufuria na milango. Ilibidi anywe maji mengi, basi tukaweka mabakuli kila pembe, na Mjomba yule yule aliyefoka ndiye akawa anayajaza. Washenga waliporudi kumalizia posa, waliuliza kwanza hali ya mgonjwa.

Jirani alisema paka wamejaa mtaani. "Wamejaa," Mama akajibu, "lakini huyu ndiye aliyenijia na maumivu yake."

Ukiwa na paka dume anayechutama kila mara bila kutoa hata tone la mkojo, usingoje kesho. Mpeleke leo, hata kama nyumba ina wageni.