Sifa za Jedwali Lisilotii

Arusha imesifiwa kwa mlima wake, kwa kahawa yake, kwa tanzanite inayouzwa madukani mwake ingawa inachimbwa Mirerani, na kwa mikutano iliyoufanya mji uitwe Geneva ya Afrika. Sina ugomvi na sifa hizo. Ila kipo kiumbe kimoja cha mji huu kisichopumzika, kinachomwinamisha profesa mbele ya binti wa steshenari na kumtoa jasho mkurugenzi aliyekaa chini ya kiyoyozi, na hakuna aliyekitungia hata ubeti. Nazungumzia jedwali lililoharibika ndani ya Word: lile linalochungulia nje ya karatasi, linalokata mstari katikati, linaloacha pengo la nusu ukurasa, na ambalo ukiligusa kulisogeza upana wa ukucha linahamia ukurasa wa tano.

Kusifu vinyonge si jambo geni. Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2, alimsifu nzi. Erasmus akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511, tena upumbavu wenyewe ndio uliopewa nafasi ya kujisemea. Lakini nzi hajawahi kumlipia mtu kodi ya pango. Jedwali linalipa. Shuka kutoka Mnara wa Saa, ufuate Barabara ya Sokoine, ukate kuelekea Soko Kuu, kisha endelea mpaka Kilombero, usome maandishi ya milangoni: tunatoa kopi, tunachapa, tunabaindi, pasipoti saizi. Nyuma ya kila mlango kuna kijana mwenye kompyuta na foleni ya flashi. Wateja wengi hawaji kuchapiwa tena, maana kila mtu siku hizi anachapa mwenyewe kwa simu hata akiwa ndani ya daladala. Wanakuja kwa sababu ya tatizo moja, na mazungumzo yake hayabadiliki sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili jedwali limekimbia."

"Limekimbilia wapi?"

"Hata sijui. Nyumbani lilikuwa zima."

"Ulichapia kwenye simu?"

"Ya mjukuu."

"Basi."

Uchunguzi umekwisha. Jedwali lilizaliwa kwenye simu, likasafiri kwa WhatsApp, likafunguliwa na Word ya zamani kwenye kompyuta isiyokuwa na mwandiko uleule, yaani fonti. Tangu toleo la 2007 Word ilizoea kuandika kwa Calibri. Siku hizi matoleo mapya huanza na Aptos. Kompyuta isiyokuwa na Aptos huchukua mwandiko mwingine inaoujua. Herufi zikinenepa kidogo, neno lililokuwa likitosha kwenye kisanduku linashuka mstari wa pili, kisanduku kinarefuka, ukurasa unajaa, na mstari wa chini unaona hapana nafasi yake hapo, unahama. Hakuna aliyekosea. Mzee hana kosa, mjukuu hana kosa, binti hana kosa, na bado kuna kazi ya kulipwa. Nitajieni sera ya ajira iliyofanikiwa hivyo.

Karatasi nayo inachangia. Wamarekani wanaandika kwenye Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa 279. Sisi tunaandika kwenye A4, yenye 210 kwa 297. Arusha ina mashirika mengi yanayoletewa fomu kutoka Marekani, na fomu hizo zimejaa majedwali yaliyotanuliwa kutoka ukingo hadi ukingo. Ukibadilisha karatasi iwe A4, jedwali linabaki na upana wa kwao, na milimita 6 zinaingia ukingoni bila hodi. Mfadhili aliahidi kuheshimu mazingira ya mwenyeji. Jedwali lake halikuhudhuria kikao hicho.

Wanaolilaumu kwa kupoteza upande wake wa kulia wangefungua kwanza ramani ya Mlima Meru. Mlima huo una mita 4,566, na upande wake wa mashariki, yaani kulia kwa msomaji wa ramani, haupo. Uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, vifusi vyake vikatapakaa kuelekea Kilimanjaro, na kwenye mabonde yaliyobaki juu ya vifusi hivyo ndipo yalipo maziwa ya Momella. Hakuna aliyeurudisha mlima kwa fundi. Watu wanatoka Ulaya, wanalipa kiingilio, wanapanda kwa kupitia vibanda vya Miriakamba na Saddle wakiwa ndani ya pengo hilohilo, na wanapiga picha. Jedwali la safari za watalii likipoteza kolamu ya kulia, ile ya bei, linakuwa limeshika tu desturi ya mahali. Siku ya kwanza Tarangire, siku ya pili Manyara, siku ya tatu Ngorongoro, na bei ipo mahali fulani hewani, nje ya karatasi. Mgeni anapoona safari isiyokuwa na bei, moyo wake unafunguka. Anajibu barua haraka kuliko kawaida. Mwenye kampuni naye anajifunza jambo ambalo shule za biashara hulisema kwa hadhari: mpe mtu sababu ya kupenda kabla hujamtajia hela.

Najua maadui wa jedwali wanavyoliharibia sherehe hii. Wanabofya ndani yake, wanakwenda kwenye mpangilio wa jedwali, wanaliamuru lijitoshee upana wa ukurasa, na upande uliopotea unarudi mara moja. Nawatajieni hila hiyo ili mkimwona mtu anaifanya mjue anakusudia nini.

Njooni sasa kwenye mambo mazito. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na kitabu cha ushuru wa pamoja wa forodha, ulioanza kutumika mwaka 2005, karibu chote ni jedwali: namba ya bidhaa, maelezo yake, kipimo, kiwango. Viwango vilianza vitatu, yaani 0, 10 na 25 kwa mia, na Julai 2022 kikaongezwa cha 35. Kando yake ipo orodha ya bidhaa nyeti, ambako mchele umewekewa asilimia 75 na sukari 100. Fikirieni mstari mmoja wa hapo ukikatika kati ya kurasa mbili. Mchele unabaki ukurasa huu, na asilimia 75 zake zinavuka mpaka bila kukaguliwa. Nchi wanachama zimehangaika miaka mingi na vikwazo vya biashara huria. Word inaviondoa kwa kosa la mpangilio. Hapa pia maadui wana dawa yao. Wanafungua sifa za jedwali, sehemu ya mistari, wanaondoa alama ya vema inayoruhusu mstari ukatike, na mchele unaunganishwa na ushuru wake kwa nguvu. Kisha wanachukua mstari wa juu kabisa, wenye vichwa vya kolamu, wanauamuru ujirudie kila ukurasa. Nafarijika kwamba agizo hili la pili halifanyi kazi ikiwa jedwali limewekwa katika hali ya kuzungukwa na maandishi. Wengi hawajui, wanaweka alama ya vema, wanaprinti, hawaoni kitu, wanaprinti tena. Wauza karatasi wa Mtaa wa India nao wana watoto wa kusomesha.

Lugha haijalishinda. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, na Microsoft nao wakaja na Kiswahili chao. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na nasikitika kwamba ofisi nyingi hapa mjini bado zinabofya kwa Kiingereza. Jedwali lenyewe halikubembelezeka. Likimkaidi Mwingereza, litamkaidi Mfaransa na Mswahili kwa haki ileile, tena zaidi, kwa kuwa tafsiri hurefuka na visanduku vilivyopimwa kwa neno moja la Kiingereza hupasuka pale maneno manne ya Kiswahili yanapotaka kuingia.

Huruma yake kwa wanyonge ndiyo inayonigusa zaidi. Kila mwenye kukaa mjini hapa amewahi kuwekwa kwenye kamati ya harusi, awe wa Kijenge, Sakina au Moshono, na anajua jedwali la michango lenye kolamu nne: jina, ahadi, alichotoa, baki. Mhazini analituma kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye simu za wajumbe kolamu tatu zinaonekana vizuri. Ya nne, ya baki, imetumbukia nje ya kioo. Wenye madeni wanalala usingizi mnono, na undugu unadumu angalau mpaka kikao cha Jumapili. Siku nyingine mhazini anataka majina yafuate alfabeti. Anachagua kolamu ya majina peke yake, anaweka alama ya vema inayoagiza ipangwe kolamu hiyo tu, na Word inatii: majina yanahama, ahadi zinabaki zilipokuwa. Shangazi aliyeahidi elfu hamsini anajikuta ameahidi ng'ombe, na bosi aliyeahidi ng'ombe amepumzika. Matajiri na maskini wa kamati wamebadilishana nafasi kwa alama moja ya vema, jambo ambalo Azimio la mwaka 1967, lililobeba jina la mji huuhuu, lilishindwa kulitimiza kwa miaka mingi.

Lina busara pia. Mtu akiweka urefu wa mstari kuwa kipimo kamili, badala ya kipimo cha chini kabisa, maneno yanayozidi hayaonekani. Yapo, ila yamezama chini ya ukingo wa kisanduku. Kwenye bajeti ya semina mstari wa posho ni mrefu, una maelezo na mabano, na jedwali linauonyesha nusu tu, nusu inayosema "gharama za ushiriki". Ninyi mngesema ni hitilafu. Mimi nimekaa kwenye semina, nasema ni adabu.

Na ukarimu je? Ukifika kisanduku cha mwisho ukabonyeza Tab, linakuzalia mstari mwingine papo hapo, umeuhitaji au hukuuhitaji. Ukilichagua lote ukabonyeza Delete, linakuachia maneno yaende na kuta zibaki zimesimama. Mpaka ujue kwamba ni Backspace ndiyo inayolibomoa, utakuwa umelijua kuliko unavyowajua majirani zako. Pamoja na ukarimu huo lina kiasi, halipokei kolamu zaidi ya 63. Wapo waandaaji wa mipango ambao wangehitaji kuambiwa hivyo mapema.

Sifa kubwa kuliko zote ni ya bango kitita. Asiyefanya kazi kwenye mradi nimweleze: ni jedwali pana lenye malengo, shughuli, viashiria, ushahidi na mambo tunayodhania, nalo huandikwa kabla mradi haujapata fedha. Limepita kwa mratibu, kwa mhasibu, kwa mkurugenzi na kwa bodi. Wote wameliidhinisha. Hakuna aliyelisoma. Nasema hivi bila uchungu, kwa sababu jedwali lililopangika vizuri halisomeki. Jicho linateleza juu yake, linaona mistari imenyooka, linaridhika. Ndipo saa tano usiku, kesho yake ni mwisho wa kupokea maombi, mstari wa saba unaporuka ukurasa na kukataa kurudi. Anaitwa msaidizi wa ofisi, kijana mdogo kuliko wote. Ili aupunguze mstari huo lazima ajue ni maneno gani ya kukata, na ili ajue lazima ausome. Anasoma: wanawake 400 wa Meru watapewa mafunzo ya ufugaji nyuki. Anatazama jedwali la bajeti, ambalo nalo limehama: viti 40, chakula cha watu 40, siku 2. Anasoma tena. Anapiga simu. "Samahani kukuamsha, bosi, hivi hapa ni mia nne au arobaini?" Upande wa pili kimya, halafu bosi anauliza kwani jedwali lilikuwa limeharibika. Lingekuwa zima, mia nne hao wangekwenda mpaka kwa mfadhili, wakarudi wameidhinishwa, na mwaka mmoja baadaye mtathmini angewatafuta vijijini kote kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River.

Kwa wanafunzi wa vyuo vya Njiro, Tengeru na Makumira halina upendeleo. Tasnifu ikifika sura ya nne, penye matokeo, ndipo jedwali linapoamka. Msimamizi anaandika pembeni: rekebisha jedwali. Mwanafunzi anadhani ameambiwa arekebishe takwimu, anarudi kuzihesabu upya, na mara nyingine anakuta kweli hazikujumlishwa sawa.

Limebaki tendo lake la mwisho. Jedwali likikaa mwisho wa waraka na kuujaza ukurasa hadi chini, linadai aya moja baada yake, hata kama aya hiyo haina neno, na aya hiyo haifutiki. Kwa kuwa haina pa kukaa inasukumwa ukurasa unaofuata, ambao unatoka mweupe. Maadui wanaichagua aya hiyo tupu, wanaipunguza herufi mpaka saizi 1, nayo inajibana chini ya jedwali na ukurasa mweupe unatoweka. Steshenari moja ya Ngarenaro ninayoijua haifanyi hivyo. Inaprinti kurasa zote, inahesabu kurasa zote.

"Dada, huu wa mwisho hauna kitu."

"Umepita kwenye mashine, kaka."