Simu Isiyo na Mlango

Nyumba yetu ya Waithaka, huku Dagoretti, imestahimili paa kuvuja, kuku wa jirani na kampeni za uchaguzi. Iliyotushinda ni simu.

Jumatano, tarehe 7 Septemba 2022, siku mbili baada ya Mahakama ya Juu kuidhinisha ushindi wa William Ruto, baba watoto na kijana wetu waliacha siasa, wakakaa saa mbili usiku kutazama Apple ikizindua iPhone 14. Waliposikia kwamba inatambua ajali ya gari na kuita msaada yenyewe, baba watoto akasema mashimo ya Naivasha Road peke yake yataichosha. Waliposikia habari za kuomba msaada kwa setilaiti, kijana akatangaza kwamba hata akipotea Ngong Hills atapatikana. Kwamba huduma hiyo ingeanzia Marekani na Kanada tu, hilo halikuwaingia masikioni. Wala hawakusikia kwamba simu za kuuzwa Marekani hazitakuwa na pa kutia laini.

Shemeji yangu aliyeko Texas akaombwa. Desemba simu ikaingia nchini ndani ya soksi ya msafiri.

Usiku huo tulisaka mlango wa laini kama askari wanaosaka chang'aa. Juu, chini, ubavuni: hola. Hatimaye baba watoto akaona vitundu karibu na pa kuchajia. Akaazima sindano ya mama yake, akadunga. Mlango haukufunguka. Alichodunga ni maikrofoni.

Kesho yake fundi wa Dagoretti Corner alicheka hadi akaweka bisibisi chini. "Mzee, hii ni ya Marekani. Inatumia eSIM." Baba watoto akaenda dukani na kitambulisho, nambari yake ikahamishiwa ndani ya simu, na laini ya plastiki iliyokuwa kwenye kabambe, simu yake ya vibonye, ikafa papo hapo. Na kwa ile maikrofoni iliyodungwa, tangu hapo akipiga simu tunasikia upepo tu.

Mambo yalichacha Jumamosi moja tokeni za stima zilipoisha. Pesa zote zilikuwa kwenye M-Pesa yake. M-Pesa iko kwenye iPhone, iPhone imezima, chaji inataka stima, stima inataka tokeni, na tokeni zinataka M-Pesa. Zamani tungechomoa laini tukaitia kwenye kabambe. Sasa tuchomoe nini? Mimi nilikuwa na shilingi kumi na nne.

"Simu inaita setilaiti," mama mkwe akasema gizani, "kuita stima imeshindwa?" Akatoa kabambe yake mkobani, akaitisha nambari ya mita, akanunua tokeni za shilingi 200. Alidai arudishiwe 250, na alirudishiwa.

Septemba 2025 Apple ilitangaza iPhone Air, yenye unene wa milimita 5.6, isiyo na mlango wa laini popote inapouzwa duniani. Kijana ameshaanza kuisifu wakati wa chakula. Jibu langu ni kwamba wembamba hauwashi taa. Nawe ukimwomba jamaa aliye Marekani simu, jua kuwa iPhone za huko kuanzia toleo la 14 hazina mlango. Ukiipata, weka laini ya pili kwenye kabambe, uitilie pesa za tokeni, na uichaji kabla stima haijapotea.