Mwongozo wa Kukijua Kiyoyozi Kikongwe cha Dirishani, Pwani ya Kismayu

Anza kwa kutomwamini mwenye nyumba. Ni mtu mwema, tena amekukaribisha chai ya tangawizi. Lakini ukimwuliza ile eesii iliyotokeza dirishani ni ya lini, atakujibu, "Ya Mtaliana hiyo, mwanangu," maana pwani ya Kismayu kila kitu kizito kisicho na mwenyewe hupewa Mtaliana.

Kunywa chai, kisha piga hesabu kimoyomoyo. Mashine ya kwanza ya kukaa dirishani ilibuniwa na Wamarekani wawili, Schultz na Sherman, mwaka 1931. Ilipoingia sokoni mwaka uliofuata iliuzwa kati ya dola 10,000 na 50,000. Hata mwaka 1947 ziliuzwa kama 43,000 tu Marekani nzima. Mtaliana naye alikabidhiwa Kismayu na Mwingereza mwaka 1925, akatimuliwa Februari 1941. Mtaliana huyo hakuacha eesii dirishani. Yule aliyerudi mwaka 1950 kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, akakaa hadi uhuru wa Somalia mwaka 1960, huyo mshuku, ila dai ushahidi.

Kutu usiipe nafasi ya kutoa ushahidi. Ndani ya mashine hii mna mabomba ya shaba yaliyopitishwa kwenye mapezi ya alumini. Chumvi ya bahari ikilowana juu yake, alumini huliwa pale inapogusana na shaba, ikabaki unga mweupe. Eesii ya miaka mitano iliyoelekezwa kwenye kusi huchakaa kuliko ya miaka thelathini iliyokaa Dodoma. Wauzaji wa vitu vya kale wanalijua hili vizuri, na bei yao hupanda kadiri kutu inavyozidi.

Kwenye visiwa vya pwani hii, Koyama, Chula na Ngumi, usipeleke bisibisi. Nyumba ya makuti inaingiza upepo bila kulipia, wala haihitaji mashine ya kilo arobaini inayotafuna wati elfu na zaidi. Pa kutafuta ni mjini, kwenye majengo ya ofisi na nyumba za wakubwa wa kati ya miaka ya 1960 na 1980. Kismayu ya wakati huo ilikuwa na wafadhili wawili wasiopatana: bandari ilijengwa kwa msaada wa Marekani, kiwanda cha nyama ya makopo kikajengwa na Wasovieti. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 ofisi ziliporwa, na kumbukumbu nyingi za karatasi zikaenda nazo. Ndiyo sababu nalisisitiza jambo hili: kibati cha alumini kilichogongwa kwenye bodi ya mashine, nyuma ya grili, huenda ndiyo hati pekee iliyosalia katika chumba kizima. Kifute kwa kitambaa chenye maji baridi. Usitumie msasa, utafuta mwaka uliokuja kuutafuta.

Kwenye kibati tafuta kwanza hezi. Umeme wa Somalia ni wa hezi 50, sawa na Kenya, Oman na Imarati. Kibati kinachotaja 60 peke yake kinakwambia mashine haikutengenezewa hapa: ilikusudiwa soko kama la Marekani au la Saudia. Kompresa yake ikiunganishwa na umeme wa Kismayu huzunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, hupoza kidogo na kupata joto jingi. Ikiandikwa Zamil, ni ya Dammam, Saudia, na kampuni hiyo ilianza mwaka 1974, basi usirudi nyuma ya hapo. Ikimtaja mtengenezaji Fujitsu General, ni ya 1985 au baadaye, kwani jina hilo halikuwepo kabla.

Majina ya nchi yanasaidia kuliko hata namba. "West Germany" inaishia Oktoba 1990. "CCCP", yaani Usovieti, inaishia 1991. Na ukibahatika kukuta herufi za Kirusi БК zikifuatwa na 1500 au 2500, kaa chini kwanza. Hiyo ni ya kiwanda cha Baku, Azabajani, kilichoanza kuzitoa katikati ya miaka ya 1970. Ile 1500 ni kilokalori kwa saa, yaani kama BTU 6,000, inatosha chumba cha kulala. Somalia ilivunja urafiki na Moscow Novemba 1977, kwa sababu ya vita vya Ogaden. Kama mashine hiyo ilikuja kwa mkono wa serikali, mlango wake wa kuingilia ulikuwa wazi miaka michache tu, na umeupata mwaka wake kwa usahihi ambao saruji ya ukutani haitakupa kamwe.

Kibati kikiwa kimeng'olewa, ingia ndani, lakini pamoja na fundi wa friji. Chomoa plagi, na fundi aitoe chaji kapasita kabla ya mtu kugusa chochote, kwa sababu hushikilia umeme hata baada ya plagi kutoka. Juu ya kapasita na mota mara nyingi pana tarakimu nne: 7824 ni wiki ya 24 ya mwaka 1978. Kapasita hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo linganisha vipuri vitatu au vinne. Vikipatana, umepata, vikigombana, mota huwa shahidi bora kuliko kapasita. Maandishi "No PCBs" yanakwambia kapasita ni ya mwisho wa miaka ya 1970 au baadaye. Ikikosa maandishi hayo na inavuja mafuta, usiishike kwa mikono mitupu: mafuta hayo huenda ni PCB, ambazo ni sumu, na Marekani ilizipiga marufuku mwaka 1979.

Gesi ya kupozea inatoa tarehe za jumla tu. R-12 ni dalili ya ukongwe. R-22 ilitawala kwa miongo mingi mno kukusaidia. R-410A haikuanza kuuzwa kwenye viyoyozi vya nyumbani hadi miaka ya 1990. R-32 ni ya juzi, muuzaji akiiita kongwe mwage kwaheri. Lakini usiruhusu mtu akate bomba ili ajue gesi ipi au auze shaba. R-12 na R-22 hutoboa tabaka la ozoni, na fundi mwenye mtungi wa kunyonyea anaweza kuzitoa bila kuziachia hewani.

Ukishamaliza andika miaka miwili, usiandike mmoja: mashine haikutengenezwa kabla ya lini, na haikufika baada ya lini. Piga picha ya kibati, ya mota na ya dirisha lenyewe likiwa na ukuta wake, uandike jengo lilikuwa la nani. Nakala moja mwachie mwenye nyumba, umwombe asiiuze mashine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu hadi wanawe waione picha hiyo.