Mtoto, Supu na Tai ya Kipepeo: Mhadhara wa Uzinduzi

Waheshimiwa wazazi, walezi, mashangazi mliochangia tiketi, na wewe babu wa safu ya nyuma uliyeanza kusinzia kabla sijakohoa kikohozi changu cha ufunguzi: karibuni, na poleni kwa ujinga mlioingia nao. Hamtatoka nao. Nimepewa heshima ya kuzungumzia mavazi ya mtoto kwenye chakula cha jioni katika meli za anasa. Heshima hiyo nimejipa mwenyewe, baada ya kuwatafuta wataalamu wengine wa fani hii nisimpate hata mmoja. Mimi ndiye mwasisi wake, mwenyekiti wake na mtahini wake wa nje.

Nasikia minong'ono. Kuna mtu anataka kujua nimezipanda meli hizo mara ngapi. Mnajimu gani amewahi kulala Zuhura? Nimesimama Kilindini nikiwatazama watalii wakishuka na watoto wao, nikawapima watoto hao kwa jicho la kitaalamu kuanzia kola hadi kandambili. Yatosha. Anayetaka kubisha atabisha wakati wa chai, na chai haipo.

Tuanze na historia, maana msomi asiyeanza na historia hulipwa nusu posho. Mwaka 1846 Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa matembezini baharini kwenye meli yake, Victoria and Albert. Mwanawe Albert Edward, mwenye umri wa miaka 4, akavishwa sare ya baharia iliyoshonwa na fundi wa humo humo melini. Mchoraji Franz Xaver Winterhalter akamchora nayo: suruali nyeupe, blauzi nyeupe, kofia ya ukili, mkono mfukoni. Baada ya hapo watoto wa Ulaya nzima wakawa wanavishwa kibaharia, hata wale ambao bahari hawajaiona. Sasa utazameni mchoro huo kitaalamu. Hamna sahani. Hamna kijiko. Hamna tambi. Winterhalter hakuwa mjinga. Mtoto aliyevaa nyeupe alimchora akiwa mbali kabisa na chakula.

Wafaransa nao, mwaka 1935, walizindua meli yao ya fahari, Normandie, ya kutoka Le Havre hadi New York. Wakubwa walikula kwenye ukumbi mrefu wa vioo na taa, wamevaa kama waliokuja kuapishwa. Watoto walikuwa na ukumbi wao wa kulia, na kuta zake zilipambwa na Jean de Brunhoff, mwenyewe aliyembuni tembo Babar, yule wa suti ya kijani. Mnauona undani wa jambo hili? Katika ukumbi wa watoto, mwenye wajibu wa kuvaa suti alikuwa tembo wa ukutani. Hatoki jasho, hamwagi maziwa, hajikuni shingoni. Kwa maoni yangu, ambayo ndiyo maoni ya fani, ustaarabu wa chakula cha jioni melini ulifika kileleni siku ile na tangu hapo unateremka.

Umeteremka kwa sababu siku hizi tumewaweka watoto meza moja na wakubwa, kisha tukaanza kushangaa. Kampuni zenyewe hazisemi sauti moja. Cunard, wenye Queen Mary 2 inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, bado wanataka watu wabadilike ikifika saa kumi na mbili jioni, na zipo jioni maalumu ambapo wanaume huvaa koti jeusi na tai ya kipepeo. Norwegian, kwa upande wao, tangu mwaka 2000 wametangaza uhuru: kula unapotaka, saa unayotaka, bila usiku wa lazima wa kujipamba. Kati ya ncha hizo mbili kuna mzazi amesimama mbele ya sanduku, ameshika suti ya mtoto wa miaka 6, anajiuliza kama nahodha ataudhika.

Nahodha hataudhika, mama. Nahodha ana meli ya kuendesha. Mengi ya masharti hayo yameandikwa yakimlenga baba mtu mwenye kitambi na fulana isiyo na mikono. Kwa mtoto yamebaki machache ambayo hata kule kwetu tungeyadai: asije mezani na nguo ya kuogelea inayochuruzika, asije peku, na asije kifua wazi. Hayo tu. Mengine yote mmejitwisha wenyewe.

Mtaniuliza, basi ile tai ya kipepeo inatoka wapi? Nitawaambia, ingawa wenye biashara hawatafurahi. Inatoka kwa mpiga picha. Kwenye usiku rasmi wapiga picha wa melini hutandaza mapazia yao, hili limechorwa machweo, lile limechorwa ngazi za kasri, na familia hupanga foleni. Picha huuzwa, wala haiuzwi bei ya soko la Kariakoo. Tai ya mtoto, kwa hiyo, ni kifaa cha upigaji picha. Ina kazi ya dakika tano. Iwe ya kubana kwa kilipu, si ya kufunga, na picha ikishapigwa iingie mkobani mwa mama kabla ya mkate kufika mezani. Picha kabla ya supu! Andikeni hiyo. Babu, mwamsheni, naye aandike.

Sasa nafika kwenye mchango wangu kwa walimwengu, yaani Nadharia Kuu ya Mchuzi. Watu wote kabla yangu walichagua nguo ya mtoto kwa kutazama ratiba: leo usiku rasmi, kesho usiku wa kawaida. Upotofu mtupu. Nguo ya mtoto huchaguliwa kwa kutazama chakula. Na chakula cha watoto melini hakina siri: tambi na mchuzi wa nyanya, pizza, vipande vya kuku wa kukaanga, chipsi, kisha aiskrimu. Mkubwa ataletewa kambakoche na kisu chake maalumu. Mtoto ataletewa kitu chekundu chenye kuteleza. Ukijua hivyo, shati jeupe la kola ngumu linakuwa sawa na kukodi ukuta kwa ajili ya kupakwa rangi.

Kanuni ya kwanza inayotokana na Nadharia ni rangi ya giza. Kanuni ya pili inaipiku ya kwanza, nami niliipata usiku, nikaruka kitandani: maua. Doa likianguka kwenye nguo isiyo na maua ni doa. Likianguka kwenye kitenge ni ua la ziada. Mtoto aliyevaa shati la kitenge chenye rangi nyekundu, ya machungwa na kahawia anaweza kula tambi kuanzia bandari hadi bandari, na mashahidi wakaapa kwamba nguo ilitoka kiwandani vile vile. Gauni la kitenge kwa msichana, shati la kitenge lenye mikono mirefu kwa mvulana, suruali ya bluu iliyokoza, mambo yamekwisha. Tena vazi hilo lina hadhi. Kwenye usiku rasmi, vazi rasmi la taifa la mtu linakubalika kando ya makoti yale meusi, hata kwa hao Cunard. Mzungu wa meza ya jirani amevaa suti ya kukodi inayombana makwapani. Mwanao ameketi kama balozi.

Tahadhari moja tu: fundi. Fundi atakuambia njoo Ijumaa. Ijumaa atakuambia umeme ulikatika. Meli haijui habari za umeme wa fundi; saa yake ya kuondoka ikifika inang'oa nanga. Kitambaa kipelekwe mapema, na fundi adanganywe tarehe ya safari. Naye amewadanganya ninyi miaka mingi, hamna deni.

Naona mzee wa Mombasa amenyanyua bakora yake kuulizia kanzu. Kanzu ni vazi la heshima, sheikh wangu, na mtoto akivaa kanzu na kofia ya vito huwa amependeza hata wahudumu hujipanga kumtazama. Lakini turudi kwenye Nadharia. Kanzu ni nyeupe. Mikono yake ni mipana, na sahani ya supu iko karibu. Kofia nayo huanguka mtoto anapoinama kutafuta kijiko. Nashauri kanzu ya rangi ya kahawia, mikono ipandishwe, na kofia ivaliwe wakati wa picha, kisha ikae na ile tai mkobani.

Mabinti. Kwenye meli za Disney, ambazo ya kwanza, Disney Magic, ilianza kazi mwaka 1998, mtoto anaweza kwenda mezani amevaa gauni la binti mfalme, tena huko kuna duka la kumpamba aonekane hivyo, na uko usiku wa maharamia ambapo kitambaa cha kichwani ndiyo sare. Sina ugomvi na maharamia. Mchuzi ukiwamwagikia huongeza ukweli. Gauni la binti mfalme ndilo ninalolishtaki. Lina vimetameta vinavyowasha, lina marinda yanayojaza kiti cha jirani, na limefungwa nyuma kwa kamba ambazo zinahitaji watu wazima wawili kuzifungua. Sasa mtoto anasema, “Mama, mkojo.” Hapo ndipo mtakaponikumbuka. Hakuna vazi la mtoto linalofaa baharini ikiwa mwenyewe hawezi kulivua peke yake chooni akiwa na haraka. Ovaroli zote, mikanda yote yenye ndoana, suruali zote zenye vifungo vinane kwa ajili ya urembo, zibaki nyumbani.

Na kwa kuwa tuko Disney, angalieni jambo lingine. Kule familia huhama ukumbi mmoja hadi mwingine kila jioni, na wahudumu wake huhama nayo. Maana yake, suruali ile ile inatazamwa na macho yale yale. Mhudumu hatasema neno, ana adabu, lakini anaikumbuka. Pakieni suruali mbili.

Viatu sina muda navyo. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, ina sitaha 20 na urefu wa karibu mita 365. Mvisheni mtoto viatu vipya vya kung'aa na nyie ndio mtakaombeba kurudi chumbani. Vya zamani, vimefutwa vumbi.

Baridi, kinyume chake, nitaizungumzia kwa uchungu. Mmelipa pesa kufuata jua, mkashinda bwawani, kisha jioni mkaingia ukumbi wenye kiyoyozi cha kuhifadhia samaki. Binti wa mikono wazi anaanza kutetemeka kabla ya kitangulizi. Shangazi anatoa mtandio wake, baba anatoa koti lake la thamani, mtoto analivuta koti, koti linazoa mchuzi. Familia nzima imeangamia kwa kukosa sweta moja. Sweta ya rangi ya giza, wazazi wangu. Ya kufungua mbele.

Pasi msibebe. Kwenye meli nyingi ni marufuku kuwa nayo chumbani kwa hofu ya moto, na watanyang'anya. Kila kisichoweza kukunjwa kama chapati kikatoka salama hakina nafasi sandukuni. Na nguo ya jioni ya kwanza ikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu masanduku mnayowaachia wapagazi bandarini huweza kuwafikia chumbani jioni sana, na mtoto akala chakula chake cha kwanza baharini na fulana ya safari. Si aibu, usiku wa kwanza kwa kawaida haudai mengi. Ila picha itakuwepo.

Maswali. Mama wa safu ya tatu: mwanao amekataa suruali, anataka kaptura, na ana miaka 5. Mpe kaptura yenye mshono wa heshima na soksi ndefu. Winterhalter angemchora. Wewe dada: wako hatulii mezani saa mbili mfululizo. Hakuna mtoto anayetulia saa mbili. Kwenye meli kadhaa watoto hulishwa upesi, kisha walezi huja kuwachukua kwenda klabu yao, ndiyo maana nguo ya mezani lazima iwe nguo ya kuchezea pia. Kijana mwenye simu: wako amekataa nguo zote? Agiza chakula chumbani. Pajama huko ni vazi rasmi.

La mwisho, baba mwenye shati la drafti. Unauliza wewe mwenyewe uvae nini. Hilo liko nje ya fani yangu, na kiingilio ulicholipa kilikuwa cha mtoto.